Kocha wa mkimbiaji asiyeona ana wanafunzi wawili

Watu wakisikia nafundisha riadha kwa wasioona, swali la kwanza huwa ni "sasa huyo haoni, kona anaijuaje?" Ameshikana kamba na mwongozaji, basi. (Lile neno la kizungu la mwongozaji nimeliacha kabisa, ukilitamka harakaharaka unakuwa umesema gaidi, na siku moja nilipiga kelele getini "gaidi wetu amefika?" askari akanitolea macho.)

Mwanariadha hanisumbui, kazi ni kumpata huyo wa pembeni. Mtu wangu akikimbia mita 5000 kwa dakika 16, mwongozaji lazima awe wa dakika 15, maana yeye anakimbia huku anaongea, na jamaa wa dakika 15 ana mbio zake mwenyewe za kutafutia pesa, simlaumu.

Henry Wanyoike, yule mkimbiaji wa Kenya asiyeona, si mnamkumbuka, Paralimpiki ya Sydney 2000, mita 5000 T11, lile kundi ambalo wote hufunikwa macho ili hata anayeona mwanga kidogo asipate faida. Mwongozaji wake aliishiwa nguvu mwishoni, ikabidi Wanyoike ndiye amvute mpaka kwenye mstari, na dhahabu akachukua. Watu huisimulia wakicheka, mimi hunitoa jasho, kwa sababu kumwacha mwenzako huwezi, na sheria inataka mwanariadha avuke mstari mbele ya mwongozaji. Paris 2024, Mhispania Elena Congost alikuwa anamaliza wa tatu kwenye marathoni, zimebaki mita chache tu mwongozaji akabanwa na misuli, dada wa watu akaachia kamba amshike asianguke, wakamfuta kwenye matokeo kwa kuiachia hiyo kamba. Mbio za 5000 kwenda juu unaruhusiwa waongozaji wawili wapokezane, ukiwa nao lakini.

Kwa hiyo mimi nafundisha watu wawili, na wa pili ndiye namkazia zaidi. Wiki ya kwanza hakuna kukimbia, wanatembea tu na kamba ya kiatu niliyoifunga kitanzi huku na huku, mikono ya ndani iende pamoja na miguu ya nje itue pamoja kama mtu na kioo chake, na hatua ikipotea anayebadilisha ni mwongozaji.

Halafu namfunga kitambaa machoni yeye mwenyewe, mwingine amwongoze. Kuna kijana alikuwa anasema "kona" wakati tayari wako ndani ya kona, nikimwambia anasema sawa kocha, na kesho yake ni yale yale. Nikamfunga macho. Hatukufika mbali akasimama kabisa, "kocha, hapa kuna shimo?" Alikuwa amekanyaga nyasi za pembeni.

Jioni ile ile akarudi kwenye kamba, namsikia toka mbali "kona tatu, mbili, moja, sasa." Nikamuuliza mkimbiaji wangu anaonaje. "Mdomo umepona kocha, mkono bado ananivuta."