Kwa nini chapati ilibaki na chakula cha Wapolandi kikaondoka

Wanafunzi wangu wa upishi hapa Moshi wakiambiwa waandae meza ya chakula cha asili cha Kilimanjaro hawababaiki: mtori (supu nzito ya ndizi), kiburu, makande, na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, pembeni. Huwa nawaacha wapike, waonje, washibe, ndipo nianze uchokozi.

Chukua kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja kwa magadi. Ndizi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ilivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maharage tunayoyajua ni ya Amerika, yalifika pwani yetu kwa njia ya Wareno kuanzia karne ya 16. Ukitoa hivyo viwili, mwenyeji aliyebaki sufuriani ni magadi. Makande ndiyo usiseme, maana mahindi nayo yametoka huko huko Amerika. Mbege ina nafuu: ulezi ni wa Afrika hii hii, ila kwenye pipa umelazwa pamoja na ndizi. Na hata mshare, ndizi ambayo mama wa Marangu hawezi kukupikia mtori bila hiyo, ina ndugu zake Komoro na Zanzibar.

Hakuna anayetaka kuwanyang'anya Wachagga kiburu chao. Kinachonishughulisha mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha jikoni, ni kwa nini wageni wengine waliopita mikoa hii miwili, Kilimanjaro na Arusha, waliacha chakula na wengine hawakuacha hata kachumbari.

Nenda Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi waliokimbia vita, wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba yao, na wengine walikaa miaka mingi tu. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa. Sasa zunguka soko la Tengeru siku ya gulio, kuanzia kwenye mbogamboga mpaka kwa akina mama wa supu, utafute chakula kimoja chenye asili ya Polandi. Hutakipata. Watu wale walipika ndani ya kambi, wakala wenyewe kwa wenyewe, huku macho yakiwa kwenye barua ya kuondoka. Hakuna aliyehitaji kumuuzia Mmeru chakula ili aishi.

Wagiriki walikaa muda mrefu zaidi, wakalima kahawa Arusha na Moshi, na majumbani mwao walipika wapishi wenyeji. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo mikononi mwa watu wetu. Lakini mpishi yule akirudi kwake jioni angepikia nini? Mafuta ya zeituni na jibini havikuwa vitu vya kununua kwa senti dukani. Ujuzi ukabaki kwa tajiri, na tajiri alipoondoka ukaondoka naye.

Dukani ndiko Wahindi walikoshinda. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na maduka yao yakatangulia au kufuata njia hiyo mpaka kwenye vituo vidogo vya vijijini. Duka lile lilipima kidogo kidogo: sukari ya kufunga kwenye karatasi, majani ya chai, chumvi, binzari, unga wa ngano kibaba kimoja. Mtu aliyeuza debe la mahindi au mkungu wa ndizi aliweza kuondoka na kiungo kipya bila kuwa tajiri. Tena mwenye duka alikuwa na kijana wa kazi jikoni, na kijana huyo aliporudi kijijini vitu alivyovizoea alivikuta kwenye rafu ya duka la jirani.

Hata hivyo, chapati tunayokula siyo ile waliyokula wao. Ingia nyumba ya Wahindi wa Kigujarati ukaangalie: mkate mwembamba, hauna mafuta kwenye kikaango, unavimba juu ya moto, unapakwa samli kidogo na kuliwa na mboga mchana na usiku. Sasa mwangalie dada wa chapati pale stendi. Unga anaukanda kwa maji ya moto na mafuta mpaka uwe laini kama ncha ya sikio. Anauacha upumzike. Anasukuma duara, anapaka mafuta juu, anakunja kuwa kamba, kamba anaizungusha iwe donge, donge linapumzika tena, ndipo anasukuma mara ya mwisho na kulitupa kwenye chuma chenye mafuta. Hizo hatua za kukunja ndizo zinazotoa matabaka, na kiufundi chapati yetu iko karibu zaidi na paratha, mkate mwingine wa Kihindi wenye matabaka. Halafu tunaila na supu ya utumbo saa moja asubuhi! Mgujarati wa kale, aghalabu asiyekula nyama kabisa, angeshangaa sana.

Wala haikuwa chakula cha kila siku tangu mwanzo. Wazee wa Kibosho na Machame watakwambia chapati ilikuwa ya Krismasi na Pasaka, kwa sababu unga wa ngano ulikuwa ghali, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa haupatikani hata ukiwa na hela. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka hiyo, unga ukajaa madukani, na chapati ikashuka kutoka meza ya sikukuu mpaka kwenye ndoo ya plastiki ya mtaani.

Msije mkadhani kuwepo kwa kiungo kunatosha. Mapadri wa Roho Mtakatifu walileta kahawa Kilema miaka ya 1890, Wachagga wakailima kwa bidii hadi wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mti uko mlangoni, lakini asubuhi nyumba nyingi za mlimani zinachemsha chai: majani, maziwa, sukari na tangawizi kwenye sufuria moja, mtindo wa Kihindi kabisa. Kahawa ilikuwa ada ya shule. Kuinywa ilikuwa ni kumnywa mtoto karo yake.

Na wakati mwingine mgeni analeta zao tu. Pale Lower Moshi, mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani ulikamilika mwaka 1987, na mbegu ya mpunga iliyotawala mashamba ya Mabogini na Chekereni ilikuwa IR54, iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa mpunga cha Ufilipino. Mifereji ya Kijapani, mbegu ya Ufilipino, na sisi tukapika pilau.

Kwa hiyo wanafunzi wakiniuliza chakula gani kitafuata, siangalii hotelini. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi 2015 ilileta watu wa mataifa mengi wenye mishahara mizuri, lakini wao walikula mezani na kulipa bili. Ninayemwangalia ni Mhabeshi. Injera, mkate wao mwembamba wa unga uliochachuka, imeshafika Arusha, ila bado ni chakula cha mgahawa wa kukaa, na tefu, nafaka inayoutengeneza, hailimwi huku. Ulezi na mtama tunavyo, na unga uliochachuka si kitu kigeni kwa watu waliokulia uji wa togwa. Siku mama mmoja wa soko la Kilombero, Arusha, atakapoichachusha kwa unga wa ulezi, akaikaanga kwenye chuma kile kile cha chapati na kuiuza na maharage kwa bei ya chapati mbili, nipigieni simu nije na wanafunzi.