Bifu la kupikwa: tambo, vijembe na matusi yanayouza mapambano ya MMA

Tarehe 6 Oktoba 2018, ndani ya T-Mobile Arena mjini Las Vegas, kwenye pambano la MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, kengele ya kumaliza raundi ya tatu ilipolia, Conor McGregor wa Ireland alimwambia Khabib Nurmagomedov wa Urusi maneno machache ambayo vipaza sauti viliyanasa: ni biashara tu. Kabla ya hapo alikuwa amemsema baba yake Khabib hadharani, akagusa dini yake na nchi yake, akamwita meneja wake gaidi. Khabib naye alikuwa ameanza kujibu tangu raundi ya pili. Amemlalia McGregor juu, anamshushia ngumi za uso, na huku anamwambia: haya, tuongee sasa.

Raundi ya nne akamkaba kabali, McGregor akasalimu amri. Wengi walidhani yameisha. Khabib akapanda ukuta wa wavu wa kizimba, akarukia nje, akaenda kumvamia mtu wa kambi ya McGregor aliyekuwa ameketi pale chini.

Pambano lile ndilo ninalolirudia kila nikiulizwa maana ya bifu la kupikwa, kwa sababu ndani yake mmoja alikuwa anauza na mwingine alikuwa amekasirika kwelikweli.

Bifu la kupikwa ni uhasama unaotengenezwa au kuchochewa makusudi ili pambano liuzike. Pengine wapiganaji hawajawahi kukosana hata siku moja. Pengine palikuwa na kinyongo kidogo, kikapulizwa hadi kikawaka. Hapa kwetu tungesema watu wanatafuta kiki. Kazi kubwa inafanywa na mdomo, na ni vizuri kutenganisha yanayotoka mdomoni, maana huwa yanachanganywa. Kuna tambo: mtu anajisifu, nitakulaza raundi ya kwanza, hakuna wa kunisimamisha. Kuna kijembe: anamchoma mwenzake kwa udhaifu wake wa mchezo, pumzi huna, kidevu chako ni cha kioo, umezeeka. Halafu kuna tusi, ambalo limeuacha mchezo kabisa na kwenda kwa mama wa mtu, dini yake, rangi yake au marehemu wake. Viwili vya kwanza navipenda na nitavitetea popote. La tatu ndilo tatizo, na ndilo linalolipa haraka kuliko yote.

Sisi si wageni wa jambo hili. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1990 wanakumbuka vikundi vya taarab vya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis Kidogo upande ule, jinsi mipasho ilivyojaza kumbi kwa sababu kila aliyesikia kijembe alitaka awepo siku ya jibu. Kwenye ngumi tunaye Karim Mandonga, Mtu Kazi. Januari 2023 alikwenda Nairobi na ngumi aliyoipa jina, Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi. Waliporudiana Julai mwaka huohuo Wanyonyi akalipa kisasi kwa pointi. Tambo za Mandonga zinazokumbukwa mitaani ni zile za ngumi zake mwenyewe, na watu walimpenda hata aliposhindwa. Hiyo ndiyo tambo safi.

Kwa nini basi MMA imelishika jambo hili kwa nguvu kuliko michezo mingine? Kwanza, kwa sehemu kubwa hakuna ligi. Timu ya mpira ikishinda inapanda kwenye msimamo, hata kama kocha wake ni bubu. Kwenye UFC, kampuni kubwa kuliko zote za mchezo huu, kuna orodha ya viwango, lakini nani atapigana na nani, na lini, ni uamuzi wa kampuni. Mpiganaji mkimya anaweza kushinda mara sita mfululizo na bado akasubiri zamu, wakati mwenye mdomo anarukishwa foleni. Pili, malipo. Wengi wana mkataba wa fedha ya kuingia kizimbani, na nyingine kama hiyohiyo wakishinda. Wachache wenye majina ndio wanaopata mgao wa mauzo, na kwa miaka mingi nchini Marekani mauzo maana yake ilikuwa mtu wa nyumbani kulipia usiku ule mmoja autazame kwenye televisheni yake. Pambano la Khabib na McGregor liliuzwa kwa takriban wanunuzi milioni 2.4. Ukiwa na mgao wa kila mnunuzi, kila neno linalomleta mnunuzi mmoja zaidi lina thamani unayoweza kuihesabu.

Kampuni nayo inahesabu. UFC ilinunuliwa mwaka 2001 kwa dola milioni 2, ikauzwa mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 4. Kuanzia 2026 mapambano yake yamehamia kampuni ya filamu na televisheni ya Paramount kwa mkataba wa miaka saba wa dola bilioni 7.7, na mtazamaji wa Marekani hulipa ada ya kawaida badala ya kununua usiku mmoja mmoja. Wapo wanaosema hilo litapunguza matusi. Mimi siamini. Foleni bado ipo, na mdomo bado ndio unaoiruka.

Watu wengi hudhani bifu la kupikwa linaandikwa kama tamthilia, kwamba kuna mtu ofisini anampa kila mpiganaji mistari yake. Haihitajiki kufika huko. Promota anaweka meza, maikrofoni mbili na mashabiki wenye kelele, na mwandishi anauliza: amesema wewe ni mwoga, unamjibu nini? Kisha kuna kutazamana uso kwa uso, pua karibu zigusane, na siku ya kupima uzito wanatazamana tena, wote wamejinyima maji na chakula na hasira ziko karibu. Kamera inafuata kila hatua. Katika saa nyingi za picha, zinazochaguliwa kwa tangazo ni zile sekunde kumi ambazo mtu alisukumwa. Kazi ya mpishi ni kuchagua na kurudia.

Ufundi wenyewe ulitoka kwenye mieleka ya maonyesho. Muhammad Ali alipokuwa bado Cassius Clay, mwaka 1961, alikutana Las Vegas na mwanamieleka Gorgeous George, akaona jinsi watu wanavyolipa kiingilio ili tu wamwone mwenye majigambo akinyamazishwa. Hakusahau. Kwenye MMA, bifu la kwanza lililoibeba kampuni kweli lilikuwa la Tito Ortiz na Ken Shamrock. Mwaka 1999 Ortiz alimshinda mtu wa kambi ya Shamrock, akavaa fulana ya matusi palepale kizimbani, na Shamrock akaonekana akining'inia juu ya uzio akimfokea. Walipokutana Novemba 2002, Shamrock alikuwa amepitia mieleka ya televisheni na anajua kuuza hasira.

Aliyeifanya kuwa fani kamili ni Chael Sonnen wa Oregon. Hakuwa bingwa wa UFC, lakini mwaka 2010 alizungumza juu ya Anderson Silva wa Brazil, ambaye hakuna aliyekuwa akimweza, mpaka kila mtu akataka kuona. Agosti mwaka huo, mjini Oakland, Sonnen alimtandika Silva raundi nne na ushee, kisha katika raundi ya tano Silva, akiwa chini, akamnasa kwa miguu na kumfanya asalimu amri. Marudiano ya Julai 2012 Silva akamaliza raundi ya pili. Na alipopewa maikrofoni, mbele ya ukumbi uliokuwa umesubiri miaka miwili kuona damu, Silva alimkaribisha Sonnen nyumbani kwake kula nyama choma. Hapo ndipo bifu la kupikwa linapoonekana vizuri: chungu kikishaepuliwa, moto unazimwa na watu wanakaa pamoja.

Si kila mpishi anajua kuzima moto. Colby Covington ameeleza mwenyewe hadharani kwamba mwaka 2017 alikuwa karibu kuachwa na UFC licha ya kushinda, kwa kuwa mtindo wake wa kukumbatia na kuangusha haukuvutia. Oktoba mwaka huo, baada ya kumshinda Demian Maia mjini São Paulo, aliwaita mashabiki waliokuwa ukumbini wanyama wachafu. Alitolewa nje huku akirushiwa vitu. Na alikuwa amepata kazi. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, alimvunja taya Desemba 2019, lakini Covington aliendelea kupewa nafasi za ubingwa. Desemba 2023, katika mkutano na waandishi wa habari, akamgeukia mpinzani wake Leon Edwards, ambaye baba yake aliuawa Leon akiwa na miaka 13, akamfanyia marehemu yule mzaha wa kuzimu. Edwards alirusha chupa. Siku mbili baadaye alimshinda kwa pointi, raundi tano. Nimeitazama video ya mkutano ule zaidi ya mara moja, na kinachoniumiza ni uso wa Edwards kabla ya chupa: anatazama pembeni, kama mtu anayehakikisha kuwa amesikia sawasawa. Hakuna tiketi ninayoweza kuilinganisha na uso ule.

Narudi kwa McGregor na Khabib, kwa sababu pale waliumia hata wasiohusika. Aprili 2018, Brooklyn, Khabib na wenzake walimzingira hotelini Artem Lobov, rafiki wa McGregor. McGregor akapanda ndege na kundi lake kutoka Ireland. Tarehe 5 Aprili, chini ya ukumbi wa Barclays Center, basi lililombeba Khabib na wapiganaji wengine lilikuwa linatoka. McGregor akanyanyua kitoroli cha chuma, kile cha kubebea mizigo, akakirusha kwenye dirisha. Vioo vilimkata Michael Chiesa. Ray Borg alipata jeraha la jicho. Wote wawili walikuwa na mapambano siku mbili baadaye, wote wawili wakaondolewa. Chiesa hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Rais wa UFC, Dana White, alilaani tukio lile kuwa la aibu kuliko yote katika historia ya kampuni. McGregor alikiri kosa la kufanya vurugu mahakamani Julai, akapewa siku tano za kazi za jamii. Kisha ikaja tangazo la pambano la Oktoba, na ndani yake, picha za kitoroli kikiruka na kioo kikivunjika. Mwezi Septemba, kwenye mkutano na waandishi jijini New York, McGregor alikuwa na chupa za wiski yake mpya mezani, akamsukumia Khabib, Mwislamu asiyekunywa, na alipokataa akamdhihaki. Bifu lilikuwa linauza pambano na pombe kwa pamoja. Baada ya vurugu za usiku wa pambano la Oktoba, kamisheni ya michezo ya Nevada ilimtoza Khabib dola 500,000 na kumfungia miezi tisa. McGregor dola 50,000 na miezi sita.

Mtazamaji atajuaje lipi limepikwa na lipi la kweli? Dalili mojawapo ni kuangalia kamera inapozimwa. Kwenye bifu la kupikwa kelele huisha papo hapo. Mwaka 2014 wapiganaji wa UFC Jon Jones na Daniel Cormier, waliokuwa wametoka kuzichapa nje ya kizimba, kwenye ukumbi wa hoteli ya MGM Grand, walihojiwa na televisheni ya michezo ya ESPN. Hewani walizungumza kwa adabu. Kipindi kilipoingia mapumziko, wakidhani hawasikiki, adabu ikaisha: mmoja anatishia kuua, mwingine anasema angemtemea mate usoni. Rekodi ikavuja. Pale kilichopikwa kilikuwa ni adabu yenyewe.

Dalili hiyo haisaidii, hata hivyo, pale ambapo mmoja anapika na mwenzake anakula kwa moyo wake wote. Mabondia Ali na Joe Frazier walipitia hilo muda mrefu kabla ya MMA kuwepo. Ali alipofungiwa kupigana kwa kukataa kwenda jeshini, Frazier alimtetea na kumsaidia fedha. Ali aliporudi ulingoni alimwita Frazier kibaraka wa wazungu, na kabla ya pambano la Manila la mwaka 1975 alimfanya nyani, akitembea na kisanamu cha sokwe mfukoni akikipiga ngumi mbele ya waandishi. Watoto wa Frazier waliyasikia hayo shuleni. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times, akaeleza kwamba yote yalikuwa ya kulitangaza pambano. Frazier akasema aliyeombwa radhi ni gazeti, na kwamba yeye bado anasubiri.