Vitabu vya Watoto Vinavyorekebishwa: Neno Huondoka, Wazo Hubaki

Februari 2023 gazeti la The Telegraph la Uingereza lilieleza kwamba matoleo mapya ya vitabu vya marehemu Roald Dahl, mwandishi Mwingereza wa hadithi za watoto, yamebadilishwa katika mamia ya sehemu. Yule mtoto mlafi wa hadithi ya kiwanda cha chokoleti haitwi tena mnene. Matilda, msichana mpenda vitabu wa hadithi nyingine, aliyekuwa akisafiri baharini kwa kumsoma Joseph Conrad, amehamishiwa kwa Jane Austen, na safari yake ya India pamoja na Kipling imegeuzwa kuwa ya California pamoja na John Steinbeck. Mwandishi Salman Rushdie alipinga vikali. Siku chache baadaye mchapishaji, Puffin, akatangaza kwamba maandishi ya awali ya vitabu 17 yataendelea kuuzwa kando ya yale mapya.

Sisi tunaosimamia vitabu vya watoto maktabani huulizwa sana na wazazi na walimu: je, ni halali kugusa kitabu cha mtu aliyekwisha kufa? Jibu langu ni kwamba kurekebisha si dhambi, na wala si jambo jipya. Dhambi ni kurekebisha kimyakimya. Halafu yapo madhara mengine ambayo watu huyasema kidogo: marekebisho mengi hufuta kinachoonekana juu tu, yakamwachia mzazi imani kwamba kitabu sasa ni salama.

Ngano za Kijerumani za ndugu wa Grimm zilichapwa mara ya kwanza mwaka 1812, na Wilhelm Grimm akaendelea kuzifanyia kazi hadi toleo la 1857. Katika toleo la kwanza, mwanamke anayetaka watoto wawili, Hansel na Gretel, watupwe msituni ni mama yao mzazi. Ni kalamu ya marekebisho iliyomgeuza kuwa mama wa kambo, kwa kuwa mama mzazi mkatili hakufaa kusomewa watoto. Nasikitika kila nikikumbuka jambo hili, maana mama wa kambo wangapi wamebebeshwa ubaya huo katika nyumba za watu, na wasomaji hawajui kwamba ulihamishwa kwa makusudi.

Dahl mwenyewe alirekebisha kazi yake akiwa hai. Hakuwa mgeni wa Afrika. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita ilipoanza akaenda Nairobi kujifunza urubani. Hata hivyo, kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti kilipotoka mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa Mbilikimo waliochukuliwa kutoka ndani kabisa ya misitu ya Afrika, wakasafirishwa kwa siri ndani ya makasha yaliyotobolewa matundu, na ujira wao ulikuwa mbegu za kakao. Kitabu kililaumiwa Marekani, na chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kikiwa miongoni mwa waliolalamika. Katika toleo la 1973 watu hao wakawa weupe wenye nywele za rangi ya dhahabu, kutoka nchi ya kubuni.

Lakini tazama kilichobaki katika toleo hilo. Makasha yapo. Mbegu za kakao zipo. Bado ni kabila zima lililohamishwa likafungiwa kiwandani bila mshahara wa fedha, nalo linaimba kwa furaha. Rangi ya ngozi imebadilika, utumwa haukubadilika. Mzazi anayesoma toleo la 1973 hana kinachomwamsha aulize lolote, ilhali yule mwenye toleo la 1964 angeshtuka ukurasa uleule.

Mfano unaoniuma zaidi ni kitabu cha katuni cha Tintin, kijana mwandishi wa habari, akiwa Kongo. Mchoraji Mbelgiji Hergé alikichora Brussels mwaka 1930 na 1931 bila kuikanyaga Kongo. Katika toleo la kwanza, Tintin anasimama mbele ya darasa la wamisheni na kuwaambia watoto wa Kikongo kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alipokichora upya, somo hilo likawa hesabu ya kujumlisha. Midomo minene kupita kiasi na maneno yaliyovunjikavunjika waliyowekewa Wakongo yakaachwa vilevile. Yaani ukurasa ulioonyesha wazi ukoloni ulivyofanya kazi darasani umeondolewa, na matusi ya michoro yakabaki. Mkongomani mmoja aliyeishi Ubelgiji alikipeleka mahakamani, na mwaka 2012 mahakama za huko zikakataa kukizuia.

Kitabu kama hicho huwezi kukisafisha kwa kubadili maneno, na mtoto wa miaka mitano anayeona watu wanaofanana na baba yake wamechorwa hivyo hana uwezo wa kufikiri kihistoria. Asipewe. Mwanafunzi wa sekondari apewe, tena toleo la 1931 likiwezekana, na mwalimu awe karibu. Warithi wa Dr. Seuss, mwandishi na mchoraji wa Marekani wa vitabu vya watoto, walifuata njia ya namna hiyo Machi 2021 waliposimamisha uchapaji wa vitabu 6 vyenye michoro ya dharau badala ya kuvichezea. Nawaunga mkono, maadamu nakala zilizokwisha kuchapwa hazichomwi.

Mzazi afanye nini, basi? Kabla ya kununua, fungua ule ukurasa wa haki za uchapishaji, nyuma ya jina la kitabu. Tazama mwaka wa kwanza kuchapwa na mwaka wa toleo ulilo nalo, kisha tafuta neno lolote la kusema kwamba maandishi yamepitiwa. Mara nyingi huwa dogo na halisemi mengi: matoleo ya Dahl yaliyozua ugomvi yalikuwa na tangazo hapohapo kwamba lugha hupitiwa mara kwa mara, bila kutaja hata badiliko moja. Hilo halitoshi. Mchapishaji aandike mwaka wa marekebisho, nani aliyafanya na yanahusu nini. Kwa vitabu vya kielektroniki, zima usasishaji wa moja kwa moja, kwa sababu wapo waliolipia maandishi ya zamani wakakuta kifaa kimewawekea mapya.

Maktaba za shule nazo zisiuze kwa kilo wala kutupa nakala zilizochakaa za vitabu hivi. Dahl alifariki mwaka 1990, na sheria ya Uingereza hulinda haki miliki kwa miaka 70 baada ya kifo. Hadi mwisho wa mwaka 2060, basi, ni mwenye haki peke yake, kampuni iliyonunuliwa na Netflix mwaka 2021, anayeamua ni maandishi yapi yachapwe. Nakala ya zamani iliyopo kabatini ikitoka, huenda mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kilichobadilika asipate pa kuanzia. Iandikeni mwaka wa toleo kwa kalamu mgongoni, muitenge na rafu ya wadogo, na anayeihitaji aiombe kwa mkutubi.