Kusevu si kuhifadhi

Kompyuta ukiiwekea Kiswahili, kile kitufe cha kusevu huandikwa "Hifadhi". Balaa limeanzia hapo. Sasa mtu wa video Kisumu akishatia faili kwenye flashi anasema kazi yake imehifadhiwa, na mwandalizi wa maonyesho anaandika vivyo hivyo kwenye fomu.

Kuhifadhi sanaa ya kidijitali ni kuiweka katika hali ya kuweza kuonyeshwa tena miaka ijayo kama msanii alivyokusudia. Basi.

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kulinda na pia kushika moyoni. Ndiyo maana aliyehifadhi Kurani huitwa hafidhi, na hakuna hafidhi aliyehifadhi mara moja akapumzika: asipodurusu, aya humponyoka. Mahafidhina wametoka humo, na hifadhi ya wanyama pia. Ziwa Nakuru lilipofurika, maji yalilimeza lango kuu la hifadhi ikabidi lihamishwe. Aliyeshikilia ramani ya zamani alilikuta lango majini.

Kusevu ni hatua ya kwanza tu, tendo la sekunde moja. Flashi hubeba data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja flashi ikiachwa miaka kwenye droo bila kuchomekwa. Video iliyopitia WhatsApp imebanwa, labda uwe umeituma kama dokumenti. Saa moja ya kaseti ya MiniDV, ile ndogo ya kamera za video za zamani, ni kama gigabaiti 13. Ukiibana iingie kwenye simu kisha ukaitupa kaseti, ulichopoteza hakirudi.

Hatua ya pili ni kunakili ipasavyo: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, nakala moja ikae mji mwingine, tuseme Nakuru. Kila faili ipigiwe alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao programu huukokotoa kutokana na yaliyomo kwenye faili, uandikwe kando. Mwaka ukiisha piga tena. Isipolingana, faili imebadilika. Chukua nakala iliyo nzima.

Hata hapo hujahifadhi. Kazi nyingi za Adobe Flash, programu ya kuchezea katuni na michezo ya mtandaoni (si flashi ya kuchomeka), zilikuwa na faili nzima kabisa programu hiyo ilipoachwa mwisho wa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikakataa kuzicheza. Kilichokufa ni kichezeo. Tiba ni kuigeuza kazi iwe ya muundo unaosomeka leo, au kutumia programu inayoiga ile ya zamani, kama Ruffle, ambayo nayo haiigi kila kitu.

Na kazi ya projekta mbili ukutani, yenye sauti inayoanza mtu akikaribia, utaisevu wapi? Faili ni sehemu tu. Pima umbali wa projekta na ukuta, rangi ya ukuta, ukubwa wa picha, hatua ngapi kabla kitambuzi hakijashtuka, sauti inachelewa sekunde ngapi. Kisha muulize msanii, angali hai, kipi kinaweza kubadilishwa: televisheni ya zamani ya kichogo ni sehemu ya kazi, au ndiyo iliyokuwepo siku hiyo?

Kwa hiyo, ndugu mwandalizi, kwenye ile fomu andika "imenakiliwa kwenye flashi", na mbele yake tarehe ilipofunguliwa mara ya mwisho ikacheza hadi mwisho.