Mahindi mabichi hayana malaria: mabishano yangu na nyanya wawili

Nilizaliwa Nakuru, nikaolewa Kisumu. Kwa hiyo watoto wangu wana nyanya wawili wanaojua kila kitu, na wanayoyajua hayafanani. Shosho wa Nakuru anaamini adui wa mtoto ni baridi. Dani wa Kisumu anaamini adui ni jua. Wanakubaliana jambo moja tu: mimi sijui kitu.

Nimewasikiliza kwa miaka sita sasa, na lazima niwatendee haki: hawa wamama hawasemi ovyo. Wameona kwa macho yao mtoto akiota jino huku anaharisha. Wameona mvua ikinyesha na homa ikifuata. Shida yao ni kwamba wakiona watu wawili wameshuka matatu moja, washaamua hao ni mume na mke.

"Kisumu ni joto, mpe mtoto maji"

Hili lilianza siku ya tatu baada ya kutoka hospitali. Mama mkwe alifika na chupa ya maji yaliyochemshwa, yakapozwa, yakafunikwa na kitambaa cheupe. Usafi haukuwa na kasoro. "Nyathina (mwanangu), hata wewe unakunywa. Yeye ni jiwe?"

Sikuwa na jibu. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenipa. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, na mtoto akiwa na kiu ananyonya mara nyingi zaidi, basi. Tumbo lake ni dogo. Maji yakiingia, maziwa yanakosa nafasi. Yakizidi sana yanapunguza nguvu ya chumvi kwenye damu, na mtoto anaweza hata kupata degedege. Ndiyo maana tunaambiwa miezi 6 ya kwanza ni titi peke yake, hata bati liwe linachoma. Ukitaka kujua kama anatosheka, hesabu nepi: akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo hauna rangi kali, yuko sawa.

Mwenye haja na ile chupa ni mama anayenyonyesha. Niliyanywa yote palepale, mama mkwe akinitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Mahindi mabichi yanaleta malaria"

Huku magharibi hili tumenyonya pamoja na maziwa. Ikifika Juni na Julai, mahindi ya kuchoma yanatoka, na watoto wanaanza kutetemeka. Mashahidi wamejaa kila boma, utabisha vipi?

Mvua ya kuanzia Machi hadi Mei ndiyo inayokuza yale mahindi. Mvua hiyohiyo inaacha madimbwi, na humo mbu wa Anopheles anataga mayai. Mahindi na mbu wamelelewa na mama mmoja, ndiyo maana wanafika pamoja. Halafu kuna hesabu ya siku. Tangu mbu amuume mtoto hadi homa ipande hupita kama siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Mtoto aliyetafuna hindi Jumapili akaamka Jumatatu anachemka aliumwa wiki iliyopita au kabla ya hapo, hilo hindi likiwa bado limesimama shambani halijui lolote.

Najua ubaya wa dhana hii kwa sababu ilinipata. Mwaka mmoja nilimnyima kifungua mimba wangu mahindi msimu mzima. Alilia kila tukipita kwa mama wa kuchoma, nami nikajiona mzazi wa maana. Neti yake wakati huo ilikuwa nje, imefunika vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Vifaranga walikua vizuri sana. Mtoto alilazwa siku tatu.

Sasa vifaranga wana kimia chao na mtoto ana neti yake. Tuna pia chanjo ya malaria: Kenya, Ghana na Malawi ndizo zilizotangulia kuitoa mwaka 2019, na uzinduzi wetu ulikuwa Homa Bay, mwezi wa Septemba. Haizuii malaria yote, kwa hiyo aliyechanjwa bado analala ndani ya neti. Homa ikipanda, apimwe damu siku hiyohiyo. Hindi ale.

"Ni meno tu, kuhara kutaisha"

Jino la kwanza huja karibu na miezi 6. Angalia mambo mengine yanayokuja umri huo. Anaanza uji. Anaanza kutambaa. Kinga aliyopewa na mama kabla ya kuzaliwa inapungua. Na kila anachookota kinaingia mdomoni: kwa wiki moja nilimtoa wangu kifungo, kipande cha makaa na kichwa cha omena. Jino linaweza kumfanya adondoshe udenda, atafune kila kitu na awe msumbufu kidogo. Kuhara kweli kweli kunatokana na vijidudu, na dawa yake ni ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari, iliyochanganywa na maji kama inavyosema, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kunyonya. Macho yakizama, akikosa kukojoa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho.

Kuna dada mkubwa wa dhana hii, na hapa sitanii. Mtoto anaharisha, mtu anamfungua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi na kusema ni "meno ya plastiki", lazima yang'olewe. Yanachokolewa kwa wembe au spoku ya baiskeli. Ule uvimbe ni meno halali ya utotoni, mara nyingi chonge, yanayojiandaa kutoka. Anayeyang'oa anamwachia mtoto kidonda, damu inayopotea na hatari ya pepopunda, na huenda akaharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Kuhara kunabaki palepale. Akija mtu kwako na spoku, mwonyeshe baiskeli.

Madogo madogo niyapitie haraka. Kwamba kitovu cha mvulana kikikatika na kuangukia sehemu zake za siri hatapata watoto: kitovu kikishakauka hakina habari na mtu. Cha kuogopa ni kinyesi cha ng'ombe, jivu na mate vinavyopakwa juu yake. Kwamba mwenye degedege atiwe kijiko mdomoni: hapana, utavunja meno au umkabe. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, na mkimbize hospitali, maana huku kwetu degedege inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Kwamba mtoto akibebwa sana atazoea mkono: mtoto wa miezi miwili hana hila, analia kwa sababu anahitaji kitu. Dani ndiye aliyenionya kuhusu mkono. Akija kutembea, hamweki mtoto chini hadi jioni.

"Baridi ndiyo nimonia"

Hii ni ya upande wa Shosho. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi pale unajua jina lako. Tukifika, mtoto anavishwa hadi anafanana na kabichi, madirisha yanafungwa, jiko la makaa linaingizwa ndani.

Nimonia huletwa na bakteria na virusi, na hivyo vinapenda sana chumba kilichofungwa chenye watu saba wanaokohoa. Moshi wa jiko unadhoofisha mapafu, na gesi ya makaa inaweza kuua familia nzima usingizini bila harufu yoyote. Mtoto avae vya kutosha, ndiyo, lakini kinachomkinga zaidi ni hewa safi, kunyonya na chanjo. Ile ya nimokoka, bakteria mmojawapo wa nimonia, imekuwa kwenye ratiba yetu tangu 2011: wiki 6, wiki 10, wiki 14.

Badala ya kugusa miguu kama iko baridi, nimejifunza kuhesabu pumzi. Mtoto ametulia, shati limeinuliwa, simu inahesabu dakika moja kamili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Na kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, hesabu iache, nenda.

Juzi kitinda mimba, mwenye miezi 14, alikohoa Shosho akiwa kwenye simu. Ikabidi nihesabu kwa sauti. Upande wa pili kimya, nadhani yeye mwenyewe hakuwa anapumua.

"Thelathini na nne, Mama."

"Haya. Na soksi amevaa?"