Eti manowari za Marekani hupewa majina ya marehemu tu?

Hii stori imezunguka miaka mingi, kwamba Marekani haiwezi kuita manowari jina la mtu aliye hai, ni mwiko. Sio kweli jamani, na wala sio mambo ya juzi. Mwaka 1776 walishusha majini manowari inaitwa Hancock na John Hancock mwenyewe yuko zake hai, tena ndo rais wa bunge lao!

Nadhani watu walichanganya desturi na sheria, maana kweli karne ya 19 waliacha kutumia majina ya walio hai kwa muda mrefu, ila tangu 1819 kazi ya kuchagua majina ni ya waziri wa jeshi la maji, na hata hapo katikati kuna nyambizi Holland ya mwaka 1900, jina la aliyeibuni, akafa 1914.

Siku hizi ndo usiseme. Mzee Carl Vinson, aliyekuwa mbunge wa Marekani, alihudhuria uzinduzi wa manowari yake ya kubeba ndege mwaka 1980 akiwa na miaka 96. Rais wa zamani Jimmy Carter, aliyewahi kuwa ofisa wa nyambizi, akapewa nyambizi, ikaanza kazi 2005, na yeye akaishi mpaka 2024.