Kurusha roketi kutoka mwezini ni rahisi, mbona viwanda bado viko duniani?

Je, wajua kwamba kuondoa kilo moja ya mzigo mwezini moja kwa moja kunahitaji nishati ndogo mara 22 hivi kuliko kuiondoa duniani? Chombo kinachotaka kuuacha kabisa mvutano wa dunia lazima kifikie kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Mwezini zinatosha 2.4. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati inayohitajika huwa mara nne, ndiyo maana pengo linakuwa kubwa hivyo.

Ukipita Maseno kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, utaona alama ya ikweta. Mtu aliyesimama hapo anabebwa na dunia kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa kutoka ikweta inaanza safari na kasi hiyo bila malipo. Bahati hii imewahi kutumika nchini Kenya: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ningefurahi sana kuona hesabu hii ikifundishwa hapo hapo kando ya alama. Hata hivyo, msaada wa ikweta haufiki nusu kilomita kwa sekunde.

Tazama safari ya Apollo 11 mwaka 1969. Roketi iliyoondoka duniani ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900, nyingi zikiwa mafuta. Sehemu iliyowainua wanaanga wawili kutoka mwezini hadi kwenye chombo kilichowasubiri juu haikufika tani 5.

Basi kama kuondoka mwezini ni rahisi hivyo, mbona vifaa vya angani havitengenezwi huko? Shida iko wapi? Iko kwenye kiwanda chenyewe. Fundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye akiishiwa na vijiti vya kuchomelea, anamtuma kijana dukani na kazi inaendelea. Mwezini hakuna duka. Kila bolti, nyaya na mtambo wa umeme lazima vitoke huku, na kampuni moja ya Marekani, Astrobotic, ilitangaza bei ya dola milioni 1.2 kwa kila kilo inayofikishwa juu ya mwezi. Sehemu kubwa ya mwezi pia hukaa gizani wiki mbili mfululizo, na baridi hushuka chini ya nyuzi 100 hasi, kwa hiyo mashine zinazotumia umeme wa jua zinahitaji betri nzito.

Kwa maoni yangu, kitu cha kwanza kitakacholipa ni oksijeni. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa udongo wa mwezi ni oksijeni iliyoshikana na madini, na katika roketi inayochoma hidrojeni kwa oksijeni, oksijeni ndiyo takriban sehemu sita kati ya saba za uzito wa hivyo viwili kwa pamoja. Ukiitengeneza huko, unaacha kubeba mzigo mzito kuliko yote.

Lakini lazima apatikane mnunuzi aliye huko juu, na bei ishinde ya duniani, ambayo imeshuka tangu roketi za Falcon 9 za kampuni ya SpaceX zilipoanza kurudi na kutua salama mwaka 2015. Kompyuta, kamera na vifaa vingine vyepesi vya thamani kubwa vitaendelea kutengenezwa huku kwa muda mrefu, kwa sababu gharama ya kuvirusha ni ndogo ikilinganishwa na ya kujenga kiwanda chake mwezini.